Brashi Tuliyoiita Bora

Nyinyi mnaoanza kazi ya kusafisha madirisha mnaniuliza swali lile lile kwa namna nyingi. Mzee Komba, kwenye mpini mrefu nifunge kichwa gani cha brashi? Laini au kigumu? Cha plastiki au cha nywele? Kipana au chembamba? Nimesafisha madirisha ya Songea tangu yalipokuwa ya luva, vile vipande vya kioo vinavyolaliana, mpaka yakawa ukuta mzima wa kioo. Bado swali hilo hunisimamisha. Majibu ninayo, tena mengi, na mengine hayapatani.

Nitawaeleza ninachokijua kuhusu brashi. Humo humo nitawaeleza jinsi siku moja, mchana kweupe, mimi Mkatoliki wa Matogoro nilivyosimama mbele ya msikiti nikapaka matope madirisha yaliyokuwa yanang'aa. Kwangu mambo hayo mawili ni jambo moja. Nikimaliza, mtaamua wenyewe.

Nilipoanza, hapakuwa na cha kuchagua. Tulikata mwanzi, tukafunga tambara kwenye ncha kwa mpira wa ndani wa baiskeli, tukachovya kwenye maji ya sabuni na kusugua. Kilichobaki tulikikausha kwa gazeti la zamani. Vioo vilikuwa vidogo na maofisa hawakutazama nje sana.

Ikaja miaka ya ruksa. Bidhaa zikaanza kuingia, maduka yakafunguliwa hata kwenye vibaraza, na kila mwenye duka jipya alitaka kioo kuanzia sakafuni hadi juu ili mpita njia aone mali yake. Vumbi letu jekundu ndilo lililokuwa la kwanza kuja kutazama. Kiangazi, kioo kilichosafishwa asubuhi jioni kilikuwa na rangi ya tofali. Kazi ikawa kubwa, na tambara la kwenye mwanzi likashindwa.

Ni katika miaka hiyo nilipokutana na Saidi. Alikuwa Myao wa Tunduru, mrefu, mwenye mikono iliyofika mahali ambapo mimi nilihitaji stuli. Mwenye duka mmoja pale Majengo alituita wote wawili kwa kioo kimoja, kila mmoja kwa siri ya mwenzake, kwa sababu alisahau kwamba alishamwita mwingine. Tulifika pamoja na ndoo zetu. Mimi nilikuwa tayari kugombana. Saidi alikitazama kioo, akanitazama mimi kuanzia chini mpaka juu, safari ambayo haikuwa ndefu, akasema:

"Wewe Mngoni chukua chini. Juu niachie mimi. Ukifika mabegani mwangu, uniite."

"Na wewe Myao uangalie usikisalimie kioo ukidhani ni mgeni," nikamjibu.

Utani ulianza kabla hatujajuana majina. Toka siku hiyo tukawa tunafanya kazi pamoja, na hapakupita siku bila kutupiana maneno. Mimi nilimtania kuhusu kitimoto. Kila tulipopita penye harufu ya nguruwe wa kukaanga nilimwambia, "Mtani, vuta pumzi, kuvuta pumzi hakuna dhambi." Naye alikuwa akiziba pua na kunijibu kwamba anawahurumia nguruwe kwa watu wanaowala. Ushikeni utani huu vizuri, maana baadaye ulinitia kwenye shida ambayo sikuitegemea.

Sasa brashi. Sokoni kulikuwa na muuzaji tuliyemwita Dar, kwa sababu kila kitu alichouza alisema kimetoka Dar. Siku moja alituonyesha mpini wa bati jepesi unaovutika kama eriali ya redio, na boksi la vichwa vya brashi vya kufunga kwenye mpini huo. Vilikuwa vimetumika huko vilikotoka, lakini bado vizima. Hatukuwahi kuona kitu kama hicho. Tulichuchumaa mbele ya lile boksi kama watu wanaochagua mbuzi.

Kulikuwa na kichwa cha plastiki ya njano, nywele zake ngumu hata zilichoma kiganja. Kulikuwa na cha plastiki ya buluu, laini mno. Na kulikuwa na cha tatu, kizito kuliko vyote, chenye kibao cha mbao na nywele nyeusi zenye wekundu kidogo. Juu ya kile kibao palikuwa na herufi kubwa zilizochomwa kwa moto: BOAR.

"Boa nini hii?" Saidi akauliza.

Dar akaichukua, akaisogeza kwenye mwanga. "Bora," akasema. "Wamekosea herufi tu. Hawa wa nje wanatengeneza kwa ajili ya soko letu, lakini Kiswahili hawakijui. Hamjaona khanga zinavyokuja?"

Tulikuwa tumeziona. Miaka ile khanga za kutoka nje zilifika na majina yamepinda, herufi moja imeruka, nyingine imeandikwa mara mbili, na kina mama walizivaa hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa na boksi la njiti lililoandikwa KIBIRTI. Kwa hiyo BOAR haikutushangaza hata kidogo. Kiwanda kizima kimejitahidi kutuandikia kwa lugha yetu, na sisi tugombane kwa sababu A imetangulia R?

"Hizi nyingine mbona hazikuandikwa bora?" nikauliza.

"Kwa sababu si bora," Dar akasema. Tukachukua vyote vitatu, pamoja na mpini.

Hapa nisimame kidogo niwape mliyoyajia. Tulivijua vile vichwa kwa kuvitumia, na kila kimoja kilitufundisha jambo lake.

Cha njano kilifaa kwa fremu, kingo na saruji iliyorukia kioo wakati wa ujenzi. Kwenye kioo chenyewe tulikitumia mara moja, kikaacha mikwaruzo. Saidi alisema kosa ni la brashi. Mimi nilisema kosa ni la mchanga uliokuwa juu ya kioo, kwamba brashi iliusukuma tu. Mpaka leo nadhani sote tulikuwa sahihi, na ndiyo maana nawaambia: mwageni maji kwanza, mengi, vumbi lishuke lenyewe, ndipo brashi iguse. Mkianza kusugua vumbi kavu la Songea mtakuwa mnapiga msasa.

Cha buluu kilikuwa na tabia ya kuelea. Ukikisukuma juu kwenye kioo chenye maji kiliteleza tu, hakikushika kitu. Juu ya kinyesi cha ndege kilichokauka kilipita kama hakikioni. Tulikitupa chini ya ndoo tukakidharau.

Lakini ile Bora! Nywele zake zilikuwa zimepasuka-pasuka nchani, na kila ncha ilibeba maji. Uliichovya chini, ukaipandisha hadi ghorofa ya pili, ikafika bado imejaa. Ilishika uchafu bila kukwaruza. Ilikuwa nzito, mabega yalituuma, na nawaonya msije mkanunua brashi kwa kuinyanyua ikiwa kavu dukani. Ombeni maji, ilowesheni, ndipo muinyanyue kwenye mpini uliovutwa wote. Hata hivyo tuliipenda. Tuliiita kwa jina lake. "Nipe Bora." "Bora iko wapi?" Ikawa kama mwenzetu wa tatu.

Saidi alikuwa mgeni katika mtaa wake. Alipanga chumba karibu na msikiti mdogo ambao ulikuwa umemalizika kujengwa upya, na wafanyabiashara wa korosho walikuwa wamechangia madirisha marefu ya kioo upande wa mbele. Yalipendeza kwa muda mfupi, kisha vumbi likayafunika, na hapakuwa na mtu aliyefika juu. Saidi akajitolea. Kila wiki, kabla ya Ijumaa, alibeba mpini na Bora, akayasafisha peke yake.

Niliona alivyobadilika. Kabla ya hapo watu wa mtaa wake walimwita yule wa Tunduru. Sasa wakamwita Fundi Vioo. Shehe alimtaja kwa wema mbele ya watu baada ya swala. Mkewe, Mwanahawa, ambaye mwanzoni alikuwa akienda kisimani peke yake, akaanza kupata wa kufuatana nao. Saidi hakujisifu, lakini alianza kupiga pasi shati la kazi. Mtu anayekwenda kumwagikiwa maji machafu, anapiga pasi shati! Nilimcheka, naye akasema, "Napita mbele za watu, mtani."

Basi ikawa Ijumaa moja, adhuhuri, Saidi amekwenda kuswali na mimi niko peke yangu kwenye kioo cha duka la vifaa vya ujenzi. Akatokea Bruda Kasiani, mtawa wa Hanga. Alikuja mjini kununua misumari. Huko kwao yeye ndiye aliyekuwa anatunza nguruwe, na nilimfahamu kwa sababu nilikuwa nimenunua kwake vitoto viwili vya kufuga. Tulisalimiana, akasimama kutazama kazi. Kisha akanyoosha kidole kuelekea kwenye kibao.

"Komba, hii brashi ya nguruwe umeipata wapi?"

"Siyo ya nguruwe, Bruda. Ni ya vioo."

"Najua ni ya vioo. Nasema nywele zake. Si imeandikwa?"

"Imeandikwa bora. Wamekosea herufi."

Bruda aliiweka chini misumari. Akasoma tena, taratibu, kwa sauti, kisha akaanza kucheka hadi akashika ukuta. "Hawajakosea kitu! Hicho ni Kizungu. Boar ni nguruwe dume. Wanamaanisha hizi ni nywele za mgongoni mwa nguruwe. Mbona hata mimi ningekwambia bila kusoma? Nazishika kila siku."

Nikacheka naye. Nilicheka kweli, nisiwafiche. Kisha nikakumbuka mahali ambapo Saidi alikuwa dakika ile, na kicheko kikaniishia mdomoni.

Bruda alipoondoka nilibaki nimeshika mpini, maji yananidondokea kwenye kiwiko. Nilijaribu kupanga mawazo yangu nikashindwa. Kwangu mimi nywele ni nywele, zimeoshwa kwa sabuni kila siku, ni safi kuliko mikono yangu. Lakini swali halikuwa langu. Je, kwa Saidi ni nini? Je, yale madirisha? Je, maji yaliyotiririka mpaka kwenye kizingiti wanapovulia viatu? Nikimwambia, jina la Fundi Vioo litageuka kuwa jina gani? Nisipomwambia, wiki ijayo atabeba tena ile brashi kwa mikono yake, nami nitakuwa namtazama. Hapo ndipo nilipojua kwamba lazima nimwambie, na kabla hajagusa kitu.

Akaja, kanzu ameikunja ndani ya mfuko, anatabasamu. Akanyoosha mkono kuuchukua mpini.

"Mtani, shika ndoo kwanza," nikasema. "Brashi usiiguse."

"Kwa nini?"

"Ni ya nywele za nguruwe."

Saidi alitoa kicheko kikubwa. "Ya leo umeitunga vizuri! Yaani nimetoka kuswali sasa hivi, umekaa hapa unanitungia kitimoto cha kusafishia vioo!"

"Saidi, sikutanii."

"Ndivyo unavyosema kila ukinitania."

Na ilikuwa kweli, ndivyo nilivyokuwa nasema. Miaka yote nilikuwa nimejifungia mlango huo mwenyewe. Nilimweleza habari za Bruda, akazidi kucheka. Nilimsomea herufi moja moja, akasema hata Dar asingeweza kutunga kama mimi. Mwisho nikanyamaza. Nadhani kunyamaza kwangu ndiko kulikomwambia. Alikuwa hajawahi kuniona nimenyamaza katikati ya utani.

Akaigeuza ndoo, akaikalia.

"Ulijua?"

"Ningejua ningekutania mapema."

Akatikisa kichwa polepole. Hilo alilikubali. "Nimeupaka msikiti nguruwe," akasema. "Kila wiki. Na watu wananishukuru."

Sikujua pa kuweka mikono yangu. Nikasema labda Bruda amekosea, labda ni plastiki tu iliyoandikwa hivyo. Saidi akainuka, akakopa kiberiti kwa mwenye duka. Tukang'oa unywele mmoja wa ile brashi ya buluu, tukauwasha. Ulijikunyata, ukayeyuka, ukawa kishanga kigumu cheusi. Mimi nikang'oa unywele wa Bora. Haukuyeyuka. Ulijikunja, ukapasuka kidogo, ukawa jivu la kusagika vidoleni, na harufu yake ilikuwa ile ya kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa.

Kipimo hicho kichukueni, ni cha kweli, na hakihitaji kusoma. Ila kina mwisho wake. Moshi ulituambia ni nywele. Haukutuambia za nani. Za nani, tulikuwa na zile herufi nne tu, na zilikuwa wazi.

"Twende kwa Shehe," Saidi akasema.

"Na mimi?"

"Wewe ndiye shahidi. Bila wewe atadhani nimechanganyikiwa na jua."

Shehe alikuwa mzee mpole aliyekuwa na duka la chumvi na sabuni. Nilimwamkia, "Shikamoo, Shehe," akaitikia na kutukaribisha kwenye mkeka. Saidi alieleza yote bila kuacha kitu. Aliongea akiutazama mkeka. Mimi niliishika brashi ndani ya mfuko wa rambo, nje ya kizingiti, nisijue kama hata pale ni mbali vya kutosha.

Shehe akaomba nimwinulie ile brashi aione kwa mbali. Akasoma. Kumbe Kizungu alikuwa anakijua kidogo.

"Mbona imeandikwa waziwazi," akasema.

"Tulidhani ni bora, Shehe."

Niliona mashavu yake yakitikisika, akajizuia. Kisha akamwambia Saidi kwamba alichokifanya bila kujua hakuandikiwa dhambi, na swala za watu hazina tatizo kwa hilo, asijitese. "Lakini vioo, kizingiti, ndoo na mpini vioshwe. Mara saba, na moja kati ya hizo iwe kwa udongo."

"Kwa kitu gani?" nikadakia. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Udongo," akasema. "Na maji."

Jamani. Maisha yangu yote ya kazi ni kuondoa udongo kwenye kioo. Sasa nimekaa mbele ya mtu mwenye hekima zake ananiambia kwamba kioo hicho, ambacho hakina hata doa, hakitakuwa safi mpaka nikipake udongo. Nilimtazama Saidi nione kama na yeye ameshangaa. Hakushangaa hata kidogo. Alikuwa kama mtu aliyeteremshiwa mzigo.

"Shehe, unisamehe," nikasema. "Mimi sina neno kwenye dini yenu. Nina neno kwenye kioo. Udongo una mchanga. Tukiusugua, madirisha ya watu yataharibika."

Shehe alifikiri. "Udongo uchanganywe na maji, ufike kila mahali. Namna ya kuufikisha bila kuharibu ni kazi yenu mafundi. Hilo msiniulize mimi."

Tulitoka. Njiani nikamuuliza Saidi, "Lakini vioo vile ni safi. Wewe mwenyewe unajua ni safi."

"Ni safi," akasema. "Si twahara."

"Tofauti yake nini?"

"Safi utaiona. Twahara huioni." Akatembea kidogo. "Na wewe umezoea kazi ya kuonekana."

Nimelibeba neno hilo mpaka leo, na sijui kama nimelielewa.

Udongo tuliupata Matogoro, kwa kina mama wanaofinyanga vyungu. Ule wa mfinyanzi ni laini kuliko unga ukiushika, lakini hatukuuamini. Tuliuloweka kwenye ndoo, tukaukoroga, tukauacha mchanga uzame, tukamwaga yale maji mazito ya juu kwenye ndoo nyingine, tukayachuja kwa kitenge cha mke wangu. Hakuniuliza kitu alipokiona kimekuwa chekundu. Aliniuliza kesho yake, na kwa urefu.

Ikabaki brashi. Ile ya njano ingekwaruza. Ile Bora ndiyo yenye kesi. Tukaifukua ile ya buluu, iliyodharauliwa, inayoelea. Na hapo ndipo nilipoelewa kitu kimoja katika habari hii yote: ubaya wake wa kutoshika ndio uliotufaa. Ilikuwa nyepesi, haikukandamiza. Hata kama chembe ya mchanga ilibaki, ile brashi ilipita juu yake bila kuisukuma. Kwa hiyo mkiniuliza brashi gani ni mbaya, siku hizi nakawia kujibu.

Tulianza asubuhi, vioo vikiwa kwenye kivuli. Tuliviosha kwa maji, kisha Saidi akachovya brashi ya buluu kwenye tope na kuipandisha. Madirisha yale marefu, yaliyokuwa yanaonyesha mawingu, yakageuka mekundu kuanzia juu hadi chini. Tope lilitiririka kwenye ukuta mweupe, tukaukimbilia kwa maji.

Watu wakaanza kusimama.

"Komba! Leo mmekosana na kioo?"

"Au vumbi limewaajiri?"

Mama mmoja aliyebeba beseni la ndizi alisimama kabisa. "Fundi Vioo, wewe si ndiye unayeyang'arisha? Umepatwa na nini?"

Nilimtazama Saidi. Tulikuwa tumekubaliana kwamba tukiulizwa tutasema ni dawa ya kioo, na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kisha akatoka mmoja wa wazee wa msikiti, mfanyabiashara wa korosho, mtu mwenye sauti, aliyekuwa amechangia madirisha yale yale.

"Saidi. Nini hiki?"

Saidi aliuegemeza mpini ukutani. Shati lake lililopigwa pasi lilikuwa na matope hadi kwenye kola. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Mzee, brashi niliyokuwa nasafishia hapa ilikuwa ya nywele za nguruwe. Sikujua. Ilikuwa imeandikwa kwa Kizungu, sikuelewa. Shehe amesema nioshe kwa udongo, ninaosha. Mkisema nisije tena, sitakuja."

Hakuna aliyecheka. Hata mama wa ndizi alishusha macho. Mimi nilikuwa najiuliza nisimame upande gani, karibu na Saidi au mbali, ipi ingemsaidia. Yule mzee alitazama kioo, akatazama ndoo, akageuka akaondoka. Saidi akauchukua tena mpini.

Tulikuwa kwenye kuosha kwa maji masafi pale mzee aliporudi. Mkononi alishika brashi ya kunyolea ndevu.

"Na hii?" akauliza, kwa sauti ambayo sikudhani anayo. "Nimeinunua kwa Dar."

Saidi aliitazama. Akanawa mikono, akatoa kiberiti, akamwomba mzee ang'oe unywele mmoja mwenyewe. Ulijikunja, ukatoa harufu ya kichwa cha mbuzi.

"Nywele," Saidi akasema. "Za mnyama gani, sijui. Kibao chake hakikuandikwa."

Mzee alishika shavu. "Miaka yote!" akasema.

Kabla hatujamaliza, pale mbele ya msikiti palikuwa kama mnada. Mtu kaleta brashi ya rangi, mwingine brashi ya viatu, mwingine ya nguo, mama wa ndizi karudi na kibrashi cha nywele cha binti yake. Saidi akawa anawasha kiberiti na kutoa hukumu: plastiki, plastiki, nywele, katani. Walimsikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kuona wakimsikiliza. Wengine walifurahi, wengine waliondoka na huzuni, na wengi waliondoka kama nilivyokuwa mimi, hawajui wafurahi au wahuzunike. Shehe alipita, akaona kile kikundi, akasema, "Vioo bado havijaisha," tukarudi kazini.

Tulimaliza jua likiwa limeanza kugonga vioo. Vilikuwa vile vile vya jana. Nilivitafuta tofauti nikiwa karibu, nikiwa mbali, nikiwa nimefumba jicho moja. Sikuiona. Saidi alikuwa amekaa kwenye kizingiti, viatu kavua, anavitazama kama mtu anayeviona kwa mara ya kwanza.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa," akasema.

Wiki iliyofuata alikuwepo pale pale, na ile ya buluu. Jina la Fundi Vioo halikumtoka.

Ile Bora ilibaki kwangu. Nilipaka rangi nyekundu kwenye shingo yake, nikaipa ndoo yake na mpini wake wa mwanzi, na niliitumia kwa wale waliokubali baada ya kuulizwa. Nyinyi nanyi ulizeni. Msafishieni mtu kioo chake kwa kitu anachokubali kiguse nyumba yake. Chagueni brashi kwa uzito wake ikiwa na maji, kwa ncha zake, kwa upana unaolingana na mabega yenu, na mchome unywele mmoja mbele ya mwenye nyumba. Hayo ninayajua. Zaidi ya hapo, ni kioo gani kilicho safi na kwa nani, msinitegemee sana.

Saidi alirudi Tunduru mwili ulipochoka, akapanda mikorosho. Kila msimu hunitumia mfuko kwa mtu anayekuja Songea. Wa mwaka huu ulifika juzi, umeshonwa kwa uzi mweusi, na ubavuni ameandika kwa mkono wake kwa herufi kubwa: KOROSHO BORA.

Nilivaa miwani, nikasogea kwenye mwanga. B. O. R. A. Nikaisoma tena kutokea mwisho, kisha nikaufungua.